Unga wa Kijani

Kabla ya yote ieleweke kwamba Sabiha hakuwa tapeli. Alikuwa fundi cherehani wa Makorora, mjini Tanga, mjane wa miaka arobaini na sita, na unga aliokuwa akiwauzia watu aliunywa mwenyewe kila asubuhi, vijiko viwili kwenye maji ya uvuguvugu, akikunja uso kwa ile ladha ya majani mabichi. Uliitwa Kijani Hai. Ulikuja kwenye kopo la bati lenye picha ya shamba lililolowa umande, na ndani yake mlikuwa na majani yaliyokaushwa na kusagwa: majani machanga ya ngano, mwani, na mengine yenye majina ya nchi za mbali. Sabiha aliamini ndio uliomwinua kutoka kwenye uchovu uliomlaza tangu mumewe afariki. Huenda ulimwinua kweli. Huenda ni siku tu zilizopita. Hakuwahi kujiuliza.

Kopo moja lilikaa daima pembeni ya cherehani, penye chaki na pini. Mwanamke aliyekuja kupimwa gauni alijikuta, kabla futi haijatoka kiunoni mwake, ameshaulizwa kama anapata usingizi, kama magoti hayamsumbui, kama tumbo halimjai gesi. Ndivyo walivyofundishwa na Nasri, kijana nadhifu wa Chumbageni aliyekuwa kiongozi wa timu yao. Nasri aliwaweka wote kwenye kundi moja la simu, na kila siku mliingia humo ushuhuda mpya: mzee wa Mwera aliyetupa fimbo yake, mama wa Ushongo ambaye sukari ilishuka, binti aliyeota nywele. Sabiha alizisoma habari hizo huku cherehani ikimsubiri, na mara nyingine machozi yalimlengalenga kwa furaha ya watu asiowajua.

Tausi alikuwa wifi yake, mke wa Badru, ndugu yake pekee wa tumbo moja. Waliishi Tongoni, kando ya barabara ya Pangani, ambako Badru alikuwa na banda la kuchomelea mageti na madirisha. Utotoni Tausi aliugua mafindofindo mara kwa mara bila kutibiwa vizuri, na ugonjwa ukamshukia moyoni. Miaka minne nyuma alipasuliwa kifua Dar es Salaam, akawekewa valvu ya chuma, mlango mdogo wa kupitisha damu moyoni. Ukikaa naye karibu mahali penye utulivu uliisikia ikigonga, tik, tik, tik. "Kaka yako hana haja ya kununua saa," alimwambia Sabiha, "ameoa." Ndivyo alivyokuwa Tausi. Alijua kuiga sauti ya kila mtu wa kijiji kile, kuanzia imamu hadi muuza mihogo, na aliweza kuigeuza ziara ya dakika tano ikawa mchana mzima.

Kwa ajili ya ile valvu, kila siku alimeza kidonge cha kuzuia damu isigande, na kila mwezi alikwenda hospitali kubwa ya mjini Tanga kupimwa. Damu ikiwa nyepesi mno, angevuja. Ikiwa nzito mno, ingeganda kwenye chuma. Maisha yake yalipita katikati ya hayo mawili, naye aliyazoea kama mtu anavyozoea kuishi nyumba ya ukingoni mwa korongo.

Mwezi wa Rajabu Sabiha alimkuta amekaa kizingitini, mikono mapajani, hana hamu ya kuzungumza.

"Nimechoka, wifi. Nikifagia ua tu, nahema."

Jumapili iliyofuata Sabiha alimpelekea kopo. Hakuchukua hata senti. Lilikuwa jambo la mapenzi, na aliposimulia baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine.

Tausi aliligeuzageuza lile kopo. "Lakini kule kliniki walinikanya. Mboga za majani nile kama nilivyozoea, nisizidishe ghafla, nisiache ghafla. Eti zinagombana na kidonge changu."

"Hii si mboga, wala si dawa. Ni kirutubisho."

"Imeandikwa majani hapa."

"Basi ngoja nimuulize Nasri."

Akampigia palepale. Nasri hakusita. Alisema kitu cha asili hakiwezi kugombana na mwili, na kwamba utafiti umefanyika, tena na maprofesa. Baada ya muda mfupi akatuma waraka wa kurasa sita, wa Kiingereza, wenye michoro ya rangi na picha ya mzungu aliyevaa koti jeupe. Sabiha alikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaona neno utafiti, akaona asilimia tisini na mbili, akarudisha macho kwa wifi yake.

"Umeona? Utafiti huu hapa."

Tausi akacheka, akaiga sauti ya Nasri, "Kitu cha asiliii," kisha akaenda kutafuta kijiko.

Wiki ya kwanza alisema anajisikia mwepesi. Wiki ya tatu alianza kunywa mara mbili kwa siku. Siku yake ya kupimwa damu ilipofika mvua ilikuwa imeharibu barabara, na kwa kuwa alikuwa na nguvu, aliona si neno kuahirisha mwezi mmoja.

Jumatano moja, Shaabani ikikaribia kwisha, alikuwa akikuna nazi akaangusha kifuu. Alipotaka kukiokota mkono wa kulia haukwenda. Akamwita Badru, lakini kilichotoka kinywani hakikuwa jina. Badru aliyekuwa bandani alisikia sauti, akadhani mkewe anaiga mtu, akatabasamu, akaendelea kuchomelea. Ilipita kama robo saa kabla hajaingia ndani.

Sabiha aliwakuta hospitalini. Tausi alikuwa amelazwa ubavu, upande mmoja wa uso umelegea, macho yako wazi na yana hofu. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Aliwaeleza kwamba damu iliganda kwenye valvu, kipande kikakatika na kupanda hadi kwenye ubongo. Kipimo kilionyesha damu ya Tausi ilikuwa nzito kana kwamba hajameza kidonge chake kwa majuma.

"Lakini anameza," Badru alisema. "Kila siku saa mbili. Mimi mwenyewe namkumbusha."

"Amebadilisha chakula siku za karibuni? Mboga za majani kwa wingi, miti shamba, kitu chochote kipya?"

"Hapana, daktari. Anakula kama kawaida."

Badru hakudanganya. Unga ule kwake haukuwa chakula wala miti shamba. Dada yake alikuwa amesema hivyo.

Daktari akamgeukia Sabiha. "Na wewe ni nani wake?"

"Wifi yake."

"Unajua lolote?"

Kilichomjia Sabiha kichwani ni lile kopo, juu ya kabati la vyombo kule Tongoni. Aliliona pale, picha ya umande na yote. Akafungua kinywa.

"Hapana," akasema.

Baadaye alijitahidi kukumbuka kwa nini. Haikuwa hesabu aliyoipiga. Alikuwa kama mtu aliyeguswa na kitu cha moto, akavuta mkono. Alijiambia kwamba hana hakika, kwamba si daktari, kwamba hakuna faida ya kuwachanganya watu kwa jambo asilolijua. Kila sababu aliyojipa ilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo maana ilimshika.

Siku ya tatu Badru alikuja kutoka Tongoni na chupa ya uji. Sabiha alimwona akiukoroga, na uji ulikuwa umeingia rangi ya majani.

"Umetia nini humo?"

"Unga wako. Amedhoofu sana, dada. Wewe si ulisema unatia nguvu?"

"Mwache kwanza asinywe."

"Kwa nini?"

Alimtazama ndugu yake. Alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi, shati lile lile la juzi lenye matundu ya cheche. Jibu lolote la kweli lingeanzia siku ile ya Rajabu.

"Basi tu," Sabiha alisema. "Tumbo lake bado dhaifu."

"Tumbo halina neno. Wauguzi wamesema apewe uji." Akamwinua mkewe taratibu, akamnywesha, akimfuta kidevu kwa kitambaa kila baada ya funda. Sabiha alikaa akaangalia mpaka kikombe kikaisha.

Aliporudi nyumbani siku hiyo hakufungua cherehani. Alikaa kitandani na simu. Aliandika jina la unga ule na neno damu. Zilikuja kurasa nyingi mno, zote zina shamba lile lile la umande, zote zinasema unasafisha damu. Aliandika tena kwa namna nyingine, akapata mwanamume wa Nairobi aliyekuwa akipiga kelele kwenye video kwamba virutubisho vyote ni sumu ya wazungu, na huyo naye mwisho wa video alikuwa akiuza asali yake. Akapata mwanamke aliyesema alipona kansa. Akapata mwingine aliyesema dada yake alikufa. Hakuna aliyesema amejuaje. Kila mmoja alikuwa na hakika, na kadiri hakika zilivyozidi ndivyo Sabiha alivyozidi kutojua chochote.

Mwisho alichukua kopo lake mwenyewe, lile la pembeni ya cherehani. Nyuma yake palikuwa na karatasi ya Kiswahili iliyobandikwa na wasambazaji: kunywa vijiko viwili, hifadhi mahali pakavu. Ukingoni mwa karatasi hiyo palichungulia herufi ndogo za Kiingereza zilizokuwa chini yake. Alikuwa ameziona mara mia. Alichemsha maji, akalilaza kopo ndani ya beseni, akasubiri gundi ilegee, kisha akaibandua karatasi kwa ukucha kidogo kidogo. Maneno mengine yalikuwa yamefutika. Lakini mstari mmoja ulisomeka, akautafuta kwenye simu neno kwa neno mpaka ukakaa sawa: kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, usitumie kabla ya kumwona daktari.

Alimpigia Nasri.

"Mama Sabiha, usiogope," Nasri alisema, mpole kama siku zote. "Hayo ni maneno ya wanasheria. Kila kampuni inaandika. Hata kwenye sabuni wanaandika."

"Mbona mmeyafunika?"

"Tumeweka Kiswahili ili watu waelewe."

"Kwenye Kiswahili hayamo."

"Una mteja amepata tatizo?" Nasri akauliza, na safari hii sauti yake haikuwa na upole ule. "Kama yupo, usiandike kitu kwenye kundi. Nipigie mimi."

Alikata simu. Bado hakuwa na hakika, na alishikilia kutokuwa na hakika kule kama mtu anavyoshikilia nguzo. Pengine Nasri alisema kweli. Pengine ni maneno ya wanasheria.

Pale hospitalini dawa za kina Tausi zilitolewa kwenye chumba kilichokuwa mwisho wa ukumbi, na mfamasia wake alikuwa Bibiana Mhina, mwanamke wa Muheza, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Ndiye aliyewafundisha wagonjwa wa kidonge kile namna ya kuishi nacho. Sabiha alimwendea siku ya nane, saa ambayo foleni ilikuwa imekwisha, akiwa na kopo kwenye mkoba na waraka wa Nasri kwenye simu.

"Mimi nauza hiki," alisema. "Nina mteja ananiuliza kama kina madhara. Nataka kujua ukweli wake, siyo maneno ya watu."

Bibiana alivaa miwani. Alionekana kushangaa kidogo, kama mtu aliyezoea kufuatwa na wauzaji wanaotaka awasaidie kuuza. "Karibu ukae, mama. Nionyeshe hicho ulicho nacho."

Alianza na waraka wa Nasri. Alimuuliza ni nani aliyeuandika. Sabiha akamwonyesha picha ya profesa.

"Wa chuo gani?"

Walitafuta kurasa zote sita. Hapakuwa na chuo.

"Hii asilimia tisini na mbili ni ya watu wangapi? Walipewa unga huu, sawa. Na wengine walipewa nini, ili tuone tofauti?"

Bibiana alishuka mpaka chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, akaukuza kwa vidole viwili. Waliulizwa watu ishirini na tano, kwa simu, kama wanajisikia vizuri. Iliyolipia kazi hiyo ilikuwa kampuni ya unga wenyewe. Shamba la umande lilikuwa pale, dogo kama punje ya mchele.

"Huu siyo utafiti, mama. Hili ni tangazo limevaa koti jeupe."

Kisha akageuza kompyuta yake ili wote wawili waone. Alisema kuna mahali madaktari wa dunia nzima wanaweka wanayoyachunguza, na mtu yeyote anaweza kusoma hata kwa simu, bure, ila inataka uvumilivu na huwezi kusoma moja ukaondoka. Hakuandika jina la unga. Aliandika majina ya majani yaliyokuwa nyuma ya kopo, moja moja. Kuhusu kuondoa uchovu, walisoma majaribio matatu yaliyolinganisha watu waliopewa majani kama hayo na watu waliopewa unga mtupu usio na kitu. Tofauti haikuonekana, au ilikuwa ndogo mno kuitegemea. "Kwa mtu mzima wa afya, hayamdhuru sana wala hayamfai sana," Bibiana alisema. "Siwezi kukwambia ni sumu. Atakayekwambia ni sumu kwa kila mtu, naye mwogope."

Moyo wa Sabiha ulipata nafasi ya kupumua, kwa muda mfupi.

"Sasa tatizo liko hapa." Bibiana aliandika tena. "Majani haya yakikaushwa yanakuwa na vitamini K nyingi katika kijiko kidogo. Hiyo ndiyo inayoisaidia damu kuganda. Mtu mwenye afya haimsumbui. Lakini mtu anayetumia vidonge vyetu vile..." Alionyesha kwa kidole. Zilikuwa ripoti, nyingine za miaka mingi iliyopita, za wagonjwa ambao vidonge viliwafaa mpaka siku walipoanza kula majani ya kukaushwa bila kumwambia mtu. Sabiha alisoma polepole, midomo ikimchezacheza. Kiingereza chake kilitosha.

Bibiana akamgeukia. Hakuwa akiangalia kompyuta tena.

"Huyo mteja wako. Anatumia vidonge vile?"

"Ndiyo."

"Yuko wapi sasa?"

Sabiha alinyoosha kidole kuelekea wodi.

Bibiana alivua miwani. "Yule wa Tongoni? Tausi? Mama, sisi tumempandishia dozi mara mbili wiki hii. Damu haisikii. Tunajiuliza usiku na mchana kwa nini. Bado anakunywa?"

"Kila siku. Kwenye uji."

"Na unga ukiisha kesho?" Mfamasia alikuwa ameshasimama. "Unaelewa? Dozi tuliyompa sasa inapigana na huo unga. Ukiondoka unga peke yake bila sisi kujua, damu yake itakuwa maji. Itavuja kichwani palepale palipoumia." Alichukua daftari la mgonjwa, akatembea haraka ukumbini, na Sabiha akamfuata akiwa ameukumbatia mkoba wake.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza. Aliuliza vijiko vingapi, mara ngapi, tangu lini, akaandika, akaamuru damu ipimwe siku hiyo na kila siku itakayofuata, dozi ishushwe kidogo kidogo. Kisha akasema, "Asante kwa kutuambia," na Sabiha akatamani angemtukana.

Badru alikuwa kwenye bomba la uani akiosha chupa ya uji. Sabiha alimweleza akiwa amesimama nyuma yake, kwa sababu asingeweza kumweleza usoni. Badru aliendelea kusugua chupa muda mrefu baada ya kuwa safi.

"Daktari alituuliza," alisema mwishowe. "Ile siku ya kwanza."

"Alituuliza."

"Ulikuwa umesimama pembeni yangu."

"Ndiyo, Badru."

"Siku ngapi zimepita?"

"Nane."

Akafunga bomba. Alipogeuka, kilichokuwa usoni mwake hakikuwa hasira bado. "Nilikuwa namnywesha mimi," alisema. "Kwa mkono wangu huu. Na wewe umekaa unanitazama."

Sabiha alitaka kumshika. Badru alirudi nyuma hatua moja, akampita, na tangu siku hiyo hakumwita dada tena.

Baada ya siku sita damu ya Tausi ilikaa mahali pake. Daktari alimwambia Sabiha kwamba kama mambo yangeachwa vile, kipande kingine kingeweza kukatika wakati wowote, au damu ingevuja kichwani. Alisema hivyo ili kumfariji. Lakini Sabiha alimuuliza kama siku nane zile ziliongeza madhara, na daktari, ambaye alikuwa mkweli, alisema hilo hakuna anayeweza kulijua.

Ramadhani ilifika katikati Tausi akiwa amerudishwa Tongoni. Mkono wa kulia ulibaki umekunjwa kifuani. Mguu ulianza kumbeba kidogo kidogo, kwa fimbo. Maneno yaliondoka yote, isipokuwa moja. Alisema "haya." Akitaka maji, "haya." Akichukia, "haya, haya, haya," na machozi. Majirani waliokuwa wakija kucheka sasa walikuja kumwona, wakakaa kidogo, wakaondoka.

Sabiha aliwazungukia wateja wake wote, nyumba kwa nyumba. Alidhani itakuwa jambo jepesi: kwenda, kusema, kuomba radhi. Lakini alichokuwa nacho hakikuwa rahisi kusema. Hakuweza kuwaambia kwamba ni sumu, maana hakusoma hivyo. Aliwaambia kwamba haujathibitishwa kutibu kitu, kwamba mwenye dawa za hospitali amwulize kwanza mfamasia, kwamba ule waraka wa profesa si utafiti. Maneno yale hayakuwa na nguvu kama yale aliyowauzia nayo. Mzee Shekhe wa Ngamiani, aliyemeza dawa za presha, alimsikiliza kwa adabu, akaitikia shikamoo yake mara ya pili kama mtu anayemuaga, akasema, "Mwanangu, mie nimepata nafuu. Wewe mwenyewe ndiwe uliyeniambia nitapata." Wawili walidhani amegombana na Nasri kwa faida. Mmoja tu, mama aliyekuwa na mimba, alimletea kopo lake mlangoni bila kusema neno. Alipoandika habari za Tausi kwenye lile kundi la simu, ujumbe ulikaa dakika mbili, kisha ukafutwa, na yeye akatolewa. Siku iliyofuata, aliambiwa, uliwekwa ushuhuda wa kipofu wa Korogwe aliyeona tena.

Hakuwa amemwambia Tausi mwenyewe. Badru naye hakumwambia. Alisema kwa kupitia jirani kwamba hiyo si kazi yake.

Sabiha alikwenda Ijumaa moja baada ya Idi. Badru alipomwona anashuka barabarani aliingia bandani kwake, na mashine ya kusaga chuma ikaanza kulia. Tausi alikuwa kwenye mkeka sebuleni, amejiegemeza ukutani. Alipomwona wifi yake upande mmoja wa uso ulitabasamu, na ule mkono mzima ukapigapiga mkeka: kaa.

Sabiha akakaa. Hakuna utangulizi aliokuwa ameuandaa uliobaki kichwani.

"Wifi, ule unga ndio uliokuumiza," alisema. "Uliniuliza, nikakujibu kwa jambo nisilolijua. Kisha nikajua, au nikaanza kujua, nikakaa kimya siku nane. Nilimwambia daktari sijui lolote. Na wewe ulikuwa umelala pale unanisikia. Sijui kama ulinisikia."

Tausi alimtazama. Alielewa, hilo halikuwa na shaka. Madaktari walikuwa wamesema kwamba anaelewa kila kitu, na macho yake yalikuwa yale yale ya mtu aliyeweza kumwiga kila mtu kwa sababu alimsikiliza kila mtu. Mashine ilipotulia kidogo, Sabiha aliisikia valvu ikigonga. Alisubiri. Kama angetukanwa angepokea. Kama angepigwa kwa ule mkono mmoja angepokea.

"Haya," Tausi akasema.

Ilikuwa sauti ya chini, haina kupanda wala kushuka. Ingeweza kuwa nimesikia. Ingeweza kuwa nimekusamehe, au ondoka. Sabiha aliinama karibu zaidi, akamtazama machoni, akamuuliza, "Haya nini, wifi yangu?" Midomo ya Tausi ilihangaika, shingo ikamkaza, jasho likamtoka kwenye paji la uso, na kitu alichotaka kukisema kilikuwepo pale, kikubwa, nyuma ya neno lile moja lisilotaka kupisha.

"Haya," akasema tena. "Haya, haya." Akafumba macho, akageuza uso kuelekea ukutani.

Sabiha alibaki amekaa mpaka adhana ya alasiri. Kisha akainuka, akakusanya vyombo vya mchana, akavipeleka uani, akachutama na kuviosha, huku ng'ambo ya ukuta ndugu yake akiendelea kusaga chuma.